Ndugu Wawili katika Daftari la Komine

Kilima cha Kirambi, Komine Mwakiro, Muyinga
18 Januari 2009

Dada Anisia,

Pokea salamu za mtu aliyerudi. Barua hii inaletwa na Kassimu, mwuza vitenge wa Muyinga mjini, ambaye hupanda basi la Gitega kila Jumanne. Nimemwagiza aiache kwa Riziki, fundi cherehani wa soko la Buraza, kwa kuwa uliniambia kwamba ndiye anayekusomea na kukuandikia. Ni miezi miwili sasa tangu niliposhushwa kwenye lori. Sikuandika mapema kwa sababu sikutaka kukupa habari ambazo sijazihakikisha.

Uliniuliza kilima chetu kikoje siku hizi. Nitakujibu kwa utaratibu. Kirambi kinaanzia kwenye barabara ya udongo iendayo makao ya utawala wa komine, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kinashuka hadi kijito upande wa mashariki. Kina shule moja ya vyumba sita na chemchemi tatu, moja imekauka. Kinaongozwa na baraza la watu watano waliopigiwa kura, na mkubwa wao ni Sebastiani, mwana wa yule mhunzi. Sebastiani aliposikia kwamba nilifundisha shule miaka thelathini kule ukimbizini Ulyankulu, Tabora, alinikabidhi kazi ya kuandika orodha ya kilima. Nimepita boma kwa boma. Tuna kaya mia mbili na kumi na nne, watu elfu moja mia moja sitini na watatu. Kaya sitini na moja ni za sisi tuliotoka Tanzania, na wengi wetu tunalala chini ya maturubai nyuma ya shule. Watu wameongezeka, ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Shamba la baba lipo. Minyaa aliyoipanda kuwa mpaka imekuwa miti mirefu. Ndani yake anakaa Egidius na mkewe na watoto wanane. Baba yake alipewa shamba hilo na komine mwaka 1979, sisi tukiwa ukimbizini. Nilikwenda kumwona.

"Karibu, mzee," alisema. "Unatafuta nani?"

"Natafuta kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Hapo uliposimama."

Hakukasirika. Alisema, "Mzee, mimi nilizaliwa hapa. Kitovu changu kimezikwa chini ya ule mgomba."

Nikamwambia, "Wewe umezika kitovu. Mimi nimezika baba na mama."

Wazee wa haki wa kilima, hao bashingantahe, wana kanuni yao. Aliyerudi na aliyemkuta shambani hugawana, na kila mwana wa kiume aliye hai huhesabiwa fungu lake. Mimi ni mmoja, na Kastori ni wa pili. Huyo mdogo wetu amebaki Ulyankulu kuvuna tumbaku. Atakuja na msafara wa mwezi wa tano. Tukiwa wawili, tutapata sehemu ya kutosha watu kuishi. Nikiwa peke yangu, nitapewa kipande cha kuchimba kaburi.

Andika unipe habari za afya yako.

Nduguyo,
Longino


Buraza, Gitega
2 Februari 2009

Longino, mwana wa mama,

Riziki amenisomea barua yako mara mbili, na mara ya pili nilimwambia asome polepole pale ulipotaja kijito. Sijaona maji yale miaka thelathini. Mimi ni mzima, goti tu la kushoto linanisumbua wakati wa mvua. Maharage yameota. Tangu mume wangu afariki, nalima peke yangu mpaka saa nne, kisha nakaa.

Nipe habari za Kastori. Wewe unamtaja kama mtu anavyotaja jembe lililobaki shambani. Ana nywele bado? Ana wajukuu wangapi? Nilimbeba mgongoni mpaka siku nilipoolewa; alikuwa na miaka kumi na bado alikuwa akidai abebwe, na mama akisema, "Mteremshe huyo, miguu yake inaburuta." Mwambie aniandikie mwenyewe, hata mstari mmoja.

Kuhusu shamba, nisikilize mimi mkubwa wako. Achana na Egidius. Nasikia serikali inajenga vijiji vya amani kwa waliorudi, na kila kaya inapewa kiwanja na mabati. Chukua kiwanja, ulale penye paa. Umri wako si wa kusimama barazani kubishana na watu. Ukifukua mambo ya zamani, utakuta mifupa.

Dada yako,
Anisia

Mzee Longino, mi ni Riziki. Naandika kile Bibi anasema. Lakini hii ya Egidius aliisema mara tatu, mi nimeandika mara moja tu. Bibi iko na hofu ya kitu.


Kirambi
20 Februari 2009

Dada Anisia,

Mwambie mwandishi wako kwamba barua ni ya wenyewe, na kwamba mtu husemwa "ana hofu", si "iko na hofu". Namshukuru, hata hivyo, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.

Sasa sikiliza jambo zito. Siku ya Jumatatu nilikwenda makao ya komine kupeleka orodha. Karani aliniuliza jina langu kamili, la baba na la kilima, kisha akafungua daftari la zamani, lile lililoandikwa kwa wino wa buluu. Alitafuta kwa kidole. Alipofika alinitazama, akatazama tena daftari.

"Mzee," alisema, "wewe umekufa."

Nilidhani ni mzaha wa vijana. Akaligeuza daftari nikajisomea mwenyewe. Limeandikwa hivi: Longino, marehemu. Kastori, marehemu. Hawana watoto. Matanga yameanuliwa. Mwezi wa saba, 1979. Chini yake kuna alama ya kidole gumba, na karani alisema ni ya shahidi wa ukoo. Jina la shahidi limeliwa na unyevu.

Dada, mwaka 1979 nilikuwa nimesimama mbele ya watoto sitini, nikiwafundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Kuna mtu alikuja barazani akaapa kwamba nimeoza. Kwa neno lake shamba la baba liligawiwa, na kwa neno lake mimi leo ni maiti inayoomba kusikilizwa. Hakuna dhambi kubwa kuliko kuandika uongo juu ya uhai wa mtu. Mwizi wa ng'ombe anaweza kurudisha ng'ombe. Huyu atarudisha nini?

Nashuku kwamba baba yake Egidius alimnunua mtu wa ukoo wetu. Wewe ulikuwepo nchini. Fikiri: ni nani kati ya jamaa zetu aliyekuwa na njaa ya kutosha kufanya hivyo? Nitajie jina, nami nitamfuata hata kama yuko kaburini.

Longino


Buraza
9 Machi 2009

Mzee Longino,

Ni Riziki peke yangu. Bibi hajui kama naandika. Nilimsomea barua yako sokoni, mbele ya cherehani, na watu walikuwepo. Nilipofika kwenye daftari, alisimama akaenda bila kuaga na akaacha kikapu chake. Nimekipeleka kwake jioni ile. Hajapika siku tatu. Nimemletea uji, akaunywa mbele yangu ili niondoke.

Nilimwuliza, "Bibi, nijibu nini?" Akasema, "Jibu kwamba nimeisikia."

Basi, ameisikia. Na ile "iko" yako, mzee, mi ni fundi wa nguo. Kama unataka Kiswahili cha Tabora, mtumie Bibi mwalimu wa Tabora.

Riziki


Buraza
22 Machi 2009

Longino,

Riziki anaandika, na nimemwomba asibadilishe neno.

Usimtafute mtu wa ukoo. Kidole kile ni changu.

Mwaka ule komine ilitangaza kwamba mashamba ya waliokimbia yatagawiwa. Nilitembea kutoka Buraza mpaka Mwakiro siku nne, mtoto mgongoni. Nikamkuta karani wa wakati ule, mtu mpole, si mbaya. Akaniambia, "Mama, mkimbizi hana shamba. Marehemu ana warithi. Ndugu zako ni wakimbizi au ni marehemu?" Barua yako, ile uliyompa padri mwaka 1976, nilikuwa nimeishonea ndani ya pindo la nguo. Nilikuwa naihisi kwenye ngozi. Nikasema ni marehemu.

Akasema, "Kama ni marehemu, mbona hamjafanya kuganduka?"

Unajua mila yetu. Bila kuganduka, yaani kuanua matanga mbele ya watu, urithi haugawanywi. Basi nilifanya. Nilitengeneza pombe ya ndizi, mitungi minne, nikaita kilima kizima. Watu walikuja, wakanywa, wakasimama mmoja mmoja kuwasifu. Mhunzi alisema wewe ulikuwa na akili kali. Mzee mmoja alimlilia Kastori kwa sauti mpaka akashikwa mkono. Nami nilikaa pale kama mwenye msiba. Waliponipa mrija wangu, nikanywa. Pombe ilikuwa tamu. Hilo ndilo sijajisamehe mpaka leo.

Nilifikiri nikiwaua kwa maneno, shamba lote litabaki mikononi mwangu hadi mrudi. Lakini mimi ni mwanamke niliyeolewa mbali. Walinipa igiseke tu, kile kifungu ambacho binti huachiwa kwao: kipande cha chini chenye makaburi mawili. Sehemu nyingine yote walimpa baba yake Egidius hivyo hivyo. Kwa hiyo niliwaua bure, isipokuwa kwa makaburi. Makaburi niliyaokoa. Kila mwaka nimemtuma mtu wa kuyapalilia.

Nilitaka kukuambia ulipoandika kwamba mnarudi. Nikasema, akirudi nitamwambia uso kwa uso. Umerudi, nikaogopa uso wako.

Kama Kastori atanisamehe, aseme yeye mwenyewe. Wewe nakujua; utahesabu makosa yangu kwanza.

Anisia


Kirambi
5 Aprili 2009

Dada Anisia,

Nilikaa na barua yako siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Nisingependa kusema maneno ambayo nitataka kuyafuta baadaye.

Ulitenda vibaya. Nia yako haibadilishi kilichoandikwa. Umenifanya nirudi katika nchi yangu nikiwa nimekwisha kuanuliwa matanga. Nimesema hilo, na sitalirudia.

Sasa tutende linalowezekana. Nimemwuliza Sebastiani bila kutaja jina. Alisema, "Aliyefunga ndiye afungue." Shahidi mwenyewe akija akiri mbele ya wazee wa haki, daftari litasahihishwa. Baraza letu litakaa Jumanne tarehe 28 Aprili. Egidius ameitwa. Utasimama na kusema mambo matatu: kwamba mwaka 1979 ulidanganya, kwamba wana wote wawili wa baba wako hai, na kwamba igiseke unawarudishia ndugu zako, ili shamba liwe moja. Sema wawili, si mmoja. Orodha ya kilima, niliyoiandika kwa mkono wangu, inaonyesha hivyo: kaya ya Longino, watu wawili wa kiume.

Kuhusu Kastori, usijitese. Hana kinyongo nawe. Hajasema neno baya juu yako hata mara moja.

Kassimu atakulipia nafasi ya mbele kwenye basi, kwa ajili ya goti lako.

Longino


Buraza
14 Aprili 2009

Longino,

Nitakuja. Nilikuwa nimeamua hata kabla hujaniita.

Lakini Riziki amenisomea mstari wa Kastori, na nimemwambia aurudie. Umesema hana kinyongo. Umesema hajasema neno baya. Sikukuuliza ambayo hajasema. Nilimwomba mstari mmoja tangu mwezi wa pili, na watu wanatoka Ulyankulu kila wiki.

Nimeapa uongo mara moja katika maisha yangu na nimeubeba miaka thelathini. Siwezi kubeba wa pili. Nitaapa kwa neno lako, kwa kuwa mimi sijamwona. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya Mungu na mbele ya mama aliyetuzaa sote: mdogo wetu yuko hai?

Anisia


Kirambi
21 Aprili 2009

Dada,

Yuko hai. Njoo.

Longino


Buraza
4 Mei 2009

Mzee Longino,

Bibi amerudi Ijumaa. Aliteremka kwenye basi, akapita mbele ya duka langu kama hanijui. Jana ndiyo amenieleza. Mi nimekulia kwa Waislamu wa Gitega mjini. Nilifundishwa mtoto hasemi mbele ya mkubwa. Leo nitasema. Kama Bibi amenieleza vibaya, unisahihishe, wewe unapenda kusahihisha.

Amesema walikuwepo watu zaidi ya mia, wamekaa kwenye majani chini ya shule. Akasimama akaeleza yote: barua kwenye pindo, mitungi minne, mrija. Watu walipiga kelele. Mwanamke mmoja akamwambia, "We mama, uliwala ndugu zako na ndizi!" Bibi akavumilia. Akasema, "Nililala. Leo naamka. Ndugu zangu wako hai, wote wawili. Huyu mnamwona, na Kastori anakuja mwezi huu." Akaapa. Akasema igiseke anawarudishia. Amesema wakati ule moyo wake ulikuwa mwepesi, kwamba hajawahi kujisikia hivyo tangu utoto wake.

Kisha Egidius akaomba neno. Akamwita mtu anaitwa Nazario, seremala, amerudi karibuni kutoka Ulyankulu, anakaa Gashoho.

"Unamjua Kastori, ndugu ya mwalimu huyu?"

"Namjua sana. Nilimchongea msalaba."

Bibi akafurahi. Akamwuliza, "Msalaba wa kanisani?"

Yule seremala akamtazama. Akavua kofia. "Wa kaburini, mama. Mwaka jana, mwezi wa sita. Mwalimu mwenyewe ndiye alinipa ubao."

Bibi anasema alikutazama wewe, na wewe ulikuwa unatazama karatasi zako.

Anasema mzee wa baraza aliongea kwa upole, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Mama huyu mwaka 1979 aliapa kwamba walio hai wamekufa. Leo ameapa kwamba aliyekufa yuko hai. Neno lake tuliweke wapi?" Na kwako akasema, "Mwalimu tunamwona kwa macho, si maiti. Lakini orodha yake ina maiti ndani. Mtu anayeleta marehemu kudai fungu hana dai kwetu." Halafu ile igiseke: "Umeirudisha mbele yetu, mama. Umemrudishia nani?" Ikaunganishwa na shamba la Egidius.

Egidius alimfuata njiani. Akamwambia, "Mama, makaburi mtakuja kupalilia siku yoyote mnayotaka. Sitawafukuza." Bibi akamwambia asante. Amenieleza hiyo kisha akacheka, na mi nikaogopa.

Mzee, miezi yote hii mlikuwa mnaandikiana kuhusu mtu hayupo, na mimi ndiye nilikuwa naandika salamu zake. Ni kweli?

Riziki


Kirambi
17 Mei 2009

Dada Anisia,

Mwambie Riziki kwamba hakuna la kusahihisha.

Kastori alikufa tarehe 11 Juni mwaka jana. Alianza kwa homa siku ya Jumapili, akaficha, kwa sababu tumbaku ilikuwa bado kwenye banda la kukaushia na hakutaka kuniachia kazi. Jumatano jioni alianza kuongea Kirundi cha utotoni. Alikuwa na miaka hamsini. Hakuoa; alikuwa akisema ataoa akirudi kwetu. Alikuomba wewe, akidhani uko katika chumba cha pili. Nilimwambia unakuja. Kwa hiyo nilianza kudanganya kwa jina lako kabla sijaanza kukudanganya wewe. Amezikwa katika makaburi yaliyo nyuma ya ghala la ushirika, safu ya tatu kutoka barabarani, msalaba wa mninga. Katika safu ile mingine yote ni misalaba ya miti laini, nayo imeanza kuanguka.

Nilijua kanuni ya mafungu kabla sijavuka mpaka. Waliotangulia kurudi walitueleza. Kwenye kituo cha mpakani cha Kobero, mtumishi aliniuliza, "Kaya ya watu wangapi?" Nikasema wawili, mmoja yuko nyuma. Lilinitoka kwa urahisi. Nilijiambia kwamba ni fungu lake halali, kwamba alilima na mimi miaka thelathini na sita akingoja kurudi, na kwamba kifo cha miezi mitano hakiwezi kumnyang'anya. Bado naona kwamba hoja ile ina nguvu. Hata hivyo ilikuwa uongo.

Nilikuandikia kwamba hakuna dhambi kubwa kuliko kuandika uongo juu ya uhai wa mtu. Siku niliyoandika maneno hayo, jina la Kastori lilikuwa limekwisha kukauka katika orodha yangu. Sikuona aibu. Niliwachapa watoto wa watu kwa kosa dogo kuliko hili. Na uliponiuliza kwa jina la mama, ningeweza kukuokoa kwa neno moja. Nilihesabu. Nikaona kwamba bila kiapo chako cha wawili tutapata kipande kidogo, na kwa kiapo chako tutapata shamba. Sikukuhesabu wewe.

Sebastiani alikuja kuchukua orodha siku ya pili. Hakunitukana. Alinipa kalamu nilifute jina mwenyewe, nikalifuta. Kirambi sasa kina watu elfu moja mia moja sitini na wawili. Orodha itaandikwa na kijana wa shule.

Nimepewa kiwanja katika kijiji cha amani: mita ishirini kwa ishirini na tano, na mabati kumi na manane. Kiwanja kinatosha kwa watu wawili. Kama utataka, njoo ukae nami. Kama hutaki, niruhusu nije Buraza nikuombe msamaha nikiwa nimepiga magoti mbele yako, si kwenye karatasi.

Nduguyo,
Longino


Buraza
6 Juni 2009

Longino,

Usije Buraza. Hutanikuta.

Mjomba wa Riziki, Waziri, huenda Kahama kununua mchele. Anaondoka kesho alfajiri na lori tupu, na amekubali kunichukua. Kobero nitapewa karatasi ya siku thelathini; Riziki ameuliza, wamesema mzee hazuiwi. Kutoka Kahama nitaulizia njia. Umri wangu ni miaka sitini na mitatu, sijawahi kuvuka mpaka huo, na ninyi nyote mliuvuka mkiwa watoto. Maharage nimemwachia jirani.

Usifikiri nakwenda kwa hasira. Hasira niliimaliza kwenye basi. Nilimwambia karani kwamba ndugu zangu wamekufa, nikaambiwa ni shahidi mzuri. Nikawaambia wazee kwamba wako hai, nikaambiwa ni mwongo. Mara zote mbili sikuwa nimeona kitu. Safari hii nitaona kwanza. Nitasoma msalaba kwa vidole kama sitapata mtu wa kunisomea. Nitamlaza mdogo wangu kwa mila yetu, ndizi ziko hata huko, na nitakaa siku zote zinazotakiwa kabla ya kuganduka. Karatasi ni ya siku thelathini. Matanga ni marefu kuliko hizo. Basi karatasi ikiisha, watanikuta huko.

Umeniita nije tukae wawili kwenye kiwanja chako. Sijakataa kwa chuki. Lakini wewe ukiniona kila asubuhi utaanza kuhesabu tena.

Makaburi ya baba na mama sasa yako ndani ya shamba la mtu. La Kastori halina anayeligombea. Nakwenda huko.

Anisia